Kadi ya grafiki mpya au ya zamani? Soma hii kabla hujashuka Kariakoo na hela yako

Una kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zile zinazokuja na makontena baada ya ofisi za Ulaya na Dubai kuzichoka. Word inafunguka, YouTube inacheza. Sasa unataka mashine ikuingizie hela: kuhariri video za harusi na sendofu, kuchora ramani za nyumba, au kuweka kibanda cha gemu hapo Mbagala au Mwananyamala. Fundi anakwambia tafuta kadi ya grafiki. Unashuka Kariakoo, na shida inaanzia hapo.

Mezani kuna GTX 1060 iliyotumika, RX 580 "kama mpya", GT 730 ndani ya boksi lenye nailoni yake, na RTX 5060 ambayo ukitajiwa bei unakaa kimya kidogo. Zote zinaitwa kadi ya grafiki. Tofauti ya kazi kati ya ya chini na ya juu ni kubwa kuliko tofauti ya bodaboda na Fuso.

Tuziweke sawa.

Hiyo kadi inafanya nini hasa

Prosesa ya kompyuta ni kama fundi mkuu mmoja mwenye akili nyingi. Kadi ya grafiki ni vibarua maelfu wanaofanya kazi ndogo ndogo kwa pamoja. Picha ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2, na gemu linataka zichorwe upya mara 60 kila sekunde. Fundi mmoja hawezi, vibarua wanaweza.

Ndiyo maana kazi za gemu, rangi za video na michoro ya 3D zinafaidika sana na kadi. Muziki hapana. Kama wewe ni prodyuza wa singeli unayetumia FL Studio, hela yako iweke kwenye prosesa na RAM. Kadi ya laki nne haitaongeza hata ngoma moja kwenye biti lako.

Usidanganyike na idadi ya viini

Wauzaji wengi wanapenda kutaja viini, yaani vile vibarua. "Hii ina viini elfu tatu na kitu, kaka." Sawa, lakini vya mwaka gani?

Chukua mfano huu. GTX 1080 Ti ilitoka Machi 2017 ikiwa na viini 3,584. RTX 3060 ya GB 12 ilitoka Februari 2021 ikiwa na viini 3,584. Idadi ni ile ile kabisa. Ukizipambanisha kwenye gemu za kawaida zinakaribiana sana, na kwenye gemu za zamani ile ya 2017 mara nyingi inatangulia kidogo.

Sasa angalia vitu vingine. GTX 1080 Ti inakula wati 250, RTX 3060 inakula 170. Ile ya zamani ilizinduliwa kwa dola 699, hii kwa dola 329. Ile ya zamani ina kumbukumbu ya GB 11 inayosafirisha data GB 484 kwa sekunde, hii ina GB 12 zinazosafirisha GB 360. Halafu RTX 3060 ina sehemu mbili ambazo 1080 Ti haina kabisa: viini vya kufuatilia miale ya mwanga, na viini vya akili unde vinavyoendesha DLSS.

Kwa hiyo kadi ya zamani iliyokuwa ya tajiri inaweza kulingana na kadi ya kati ya miaka minne baadaye. Hiyo ni habari njema kwa mnunuzi wa mtumba, lakini umeme na joto vinabaki kuwa mzigo wako.

Jinsi ya kusoma jina

Kwa NVIDIA, tarakimu mbili za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni daraja. GTX 1060 ni kizazi cha 10, daraja la 60. RTX 5060 ni kizazi cha 50, daraja lile lile la 60. Daraja la 30 ni la chini, la 90 ndilo la mabosi.

Kosa linalofanyika sana ni kulinganisha kizazi na kusahau daraja. GT 1030 ni ya kizazi kimoja na GTX 1060, lakini haifiki hata nusu yake. Na GTX 1080 Ti ya 2017 inaiacha mbali RTX 3050 ya 2022.

Daraja la 60, miaka tisa

Hili ndilo daraja la watu wengi, kwa hiyo tulifuate lenyewe.

GTX 1060 GB 6 ilitoka Julai 2016. Viini 1,280, kasi ya kumbukumbu GB 192 kwa sekunde, wati 120, dola 249 siku ya uzinduzi. Hii ndiyo kadi iliyobeba vijana wengi duniani, na bado inazunguka madukani.

GTX 1660 Super ilikuja Oktoba 2019 kwa dola 229. Viini 1,408 tu, ila kumbukumbu ni ya aina mpya ya GDDR6 na kasi ikapanda hadi GB 336. Wati 125. Kwenye mtumba, mimi naiona ndiyo kadi yenye akili zaidi kati ya hizi za jina la GTX.

RTX 3060 GB 12 tumeshaiona. Kwa wastani inafanya karibu mara mbili ya GTX 1060.

RTX 4060 ilitoka Juni 2023: viini 3,072, GB 8, kasi ya kumbukumbu GB 272, wati 115, dola 299. Inaipita RTX 3060 kwa takriban asilimia 20 huku ikila umeme pungufu wa wati 55. Wati zake ziko chini hata ya GTX 1060 ya mwaka 2016, na kazi ni zaidi ya mara mbili.

RTX 5060 ilitoka Mei 2025: viini 3,840, GB 8 za GDDR7 zenye kasi ya GB 448, wati 145, dola 299 tena. Ukiilinganisha na GTX 1060 unapata zaidi ya mara mbili na nusu.

Umeona kitu? Viini vimepungua kutoka RTX 3060 kwenda RTX 4060, kumbukumbu imeshuka kutoka GB 12 hadi 8, lakini kasi imepanda. Siri ni kwamba kizazi cha 40 kilipewa akiba kubwa ya kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe na kasi kubwa ya saa. Pamoja na hayo, GB 8 ni GB 8. Gemu nzito za sasa zikiwekwa picha za ubora wa juu zinajaza hizo GB 8, na hapo kadi yenye kasi inaanza kukwamakwama wakati RTX 3060 ya zamani yenye GB 12 inaendelea taratibu bila kushtuka. Kwa anayechora 3D kwenye Blender au kujaribu mifumo ya akili unde nyumbani, GB 12 za 2021 zina maana kuliko kasi ya 2025.

Upande wa pili usisahau. AMD wana RX 6600 ya Oktoba 2021: GB 8, wati 132. Kwenye gemu za kawaida inakaa bega kwa bega na RTX 3060, na mtumba wake mara nyingi una bei ya upole kwa sababu watu wetu wanajua jina la NVIDIA tu. Intel nao walitoa Arc B580 Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12. Ni kadi nzuri, ila usiiweke kwenye mashine ya zamani. Inahitaji kipengele kinachoitwa Resizable BAR ndani ya BIOS, na bila hicho inapoteza nguvu vibaya. OptiPlex ya prosesa ya kizazi cha tatu au nne haina.

Mpya dukani, ya zamani kiwandani

Hapa ndipo watu wanapigwa sana.

GT 710 na GT 730 zinauzwa zikiwa mpya kabisa, boksi halijafunguliwa. Kinachokuwa kipya ni boksi. Teknolojia iliyomo ndani ya GT 710 ni ya kizazi cha miaka ya 2012 hadi 2014, ina viini 192 tu, na zile za kumbukumbu ya DDR3 zinasafirisha GB 14 hivi kwa sekunde. Kazi yake halali ni kuongeza kioo cha pili ofisini. Ukiambiwa itacheza gemu mpya, shukuru na uondoke. Kama prosesa yako ya Intel ni ya miaka ya karibuni, grafiki iliyomo ndani yake inaweza kuizidi hiyo kadi.

GT 1030 ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 inatumia GDDR5 yenye kasi ya GB 48. Ya 2018 inatumia DDR4, kasi inashuka mpaka karibu GB 17. Jina halijabadilika hata herufi. Uliza GDDR5 kwa sauti.

GTX 1060 nayo ina ndugu yake wa GB 3, na tofauti haipo kwenye kumbukumbu tu, hata viini vimepunguzwa kutoka 1,280 hadi 1,152. RTX 3060 ina toleo la GB 8 lililokuja baadaye, ambalo kasi ya kumbukumbu imekatwa kutoka GB 360 hadi 240. RTX 3050 ina GB 8 ya 2022 na GB 6 ya 2024, na hapo mpya ndiyo dhaifu.

RX 580 ndiyo yenye hadithi ndefu kidogo. Ile halisi ya Aprili 2017 ina viini 2,304. Mwaka 2018 likatoka toleo la soko la China linaloitwa RX 580 2048SP, lenye viini 2,048, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Ndilo lililojaa kwenye maduka ya mtandaoni ya China, na ndilo linalofika huku kwa urahisi. Sio kadi mbaya kwa bei ndogo, ila usilipe bei ya RX 580 kamili. Na kumbuka wati 185 za RX 580 halisi, tutarudi huko kwenye LUKU.

Kingine ni kadi za uchimbaji. Kati ya 2017 na 2022 kadi nyingi duniani zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 mfumo wa Ethereum ulibadilishwa, uchimbaji wa kadi ukaisha, na mzigo mkubwa ukamwagika sokoni. Kadi iliyochimba sio lazima iwe imekufa. Feni na pedi za joto ndizo zinazochoka kwanza, na hivyo vinabadilishika. Tatizo ni kulipa bei ya "ilikuwa ya mtoto wa mzungu, aliicheza kidogo tu".

Ukikuta kadi inaitwa P106-100, hiyo ni GTX 1060 ya uchimbaji. Haina tundu hata moja la kuchomeka kioo. Kuna njia za kuizungusha ifanye kazi, ila kama hukuwa unajua hilo kabla ya kusoma hapa, iache.

Halafu kuna feki kabisa. Kadi ya zamani sana, kwa mfano GTX 550 Ti ya 2011, inaandikwa programu mpya ndani ili Windows isome GTX 1050 Ti au GTX 960. Inasoma hivyo mpaka uwashe gemu. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Tangu 2018 inaweza kutambua chipu nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani.

Je, inaingia kwenye mashine yako?

Swali hili lilipaswa kuulizwa kabla ya bei, lakini wengi wanaliuliza wakiwa wamesharudi Tandika na kadi haiingii.

OptiPlex 7010 ile nyembamba ina pawasaplai ya wati 240. Ile ndefu ina 275. Hizo ni za mashine nzima. Na kibaya zaidi, hazina waya wa pini 6 au 8 wa kulisha kadi. Kwa hiyo GTX 1060, RX 580, RTX 3060 na RTX 5060 zote zinataka waya ambao huna. Kubadilisha pawasaplai inawezekana kwenye 7010 ndefu. Kwenye 9020 Dell walibadilisha plagi ya kwenye madabodi, utahitaji na adapta yake. Ile nyembamba, sahau.

Kuna vijana wanatumia waya wa kubadilisha kutoka SATA kwenda pini 6. Usifanye. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba umeme huo, na ikiyeyuka inaondoka na mashine.

Kinachofaa hapo ni kadi zinazojilisha kupitia tundu lenyewe la PCIe, ambalo linatoa mpaka wati 75. Ziko chache: GTX 750 Ti ya 2014 yenye wati 60, GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zenye wati 75, na RTX 3050 GB 6 ya 2024 yenye wati 70. Hata hapo angalia isiwe na tundu la waya pembeni, maana viwanda vingine viliongeza kwenye 1050 Ti na 1650 ili wazisukume zaidi.

Kwa kompyuta nyembamba unatafuta toleo fupi, kadi ya nusu kimo. MSI na Gigabyte walitengeneza 1050 Ti, 1650 na 3050 GB 6 za namna hiyo. Hapa ndipo ile RTX 3050 GB 6 tuliyoisema vibaya inapopata heshima yake: kwa kazi iko karibu na GTX 1660, ina DLSS, haitaki waya, na inaingia kwenye mashine ndogo. GTX 1650 ikiwa na GB 4 zake imeanza kubanwa.

Kadi moja mpya ya kukimbia ni RX 6500 XT ya Januari 2022, pamoja na mdogo wake RX 6400. Zina njia 4 tu za kuongea na madabodi badala ya 8 au 16. Kwenye kompyuta mpya hazisumbui sana. Kwenye mashine ya prosesa ya kizazi cha tatu zinapoteza nguvu wazi wazi, na GB 4 zao zikijaa ndiyo basi. Tena hazina uwezo wa kurekodi video kwa kutumia chipu. Kadi ya 2022 ambayo mhariri wa video hana cha kufanya nayo!

Tuongee LUKU

Maduka hayakwambii hili, lakini kwa mtu wa Temeke au Kinondoni anayepanga, linaumiza kuliko bei ya kadi.

TANESCO wana kundi la matumizi madogo la nyumbani, D1, lenye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kwa Sh100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo. Ukizidi, uniti za ziada zinapigwa Sh350. Kundi la kawaida, T1, ni Sh292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo inafika kama Sh356.

Kompyuta yenye GTX 1060 ikiwa inacheza gemu inaweza kula wati 200 hivi kwa jumla, bila kioo. Saa tano kwa siku ni uniti 1. Kwa mwezi ni uniti 30. Kama nyumba yenu iko D1, hiyo ni asilimia 40 ya uniti zenu zote, friji haijaguswa, pasi haijaguswa, feni haijaguswa. Kwenye nyumba ya vyumba sita inayochangia LUKU moja, huo ni ugomvi unaousubiri tu.

Kwa kibanda cha gemu hesabu ni kubwa zaidi. Linganisha GTX 1080 Ti na RTX 3060, zile zenye kazi inayofanana. Tofauti ni wati 80. Mashine ikicheza saa 10 kwa siku, ni uniti 0.8. Kwa siku 30 ni uniti 24. Kwa bei ya T1 hiyo ni kama Sh8,500 kwa mwezi, zaidi ya laki moja kwa mwaka, kwa mashine moja. Ukiwa na mashine nne, karibu laki nne zinaondoka kwa sababu tu ulichagua kadi ya zamani yenye jina kubwa. Kabla hujasema mtumba ni nafuu, ongeza hiyo.

Joto nalo ni umeme huo huo umegeuka. Wati 250 ndani ya chumba cha mabati cha Mbagala mwezi Februari, wateja watakimbia kabla ya kadi. Kadi za kizazi cha 10 zikifika nyuzi joto 83 huanza kujipunguzia kasi zenyewe. Vumbi na unyevu wa pwani vinaharakisha hilo. Kupuliza vumbi kila mwezi na kubadilisha grisi ya joto kwenye kadi ya miaka minane kunaweza kukurudishia kasi uliyodhani imepotea.

Gemu gani, video gani

Kama wateja wako wanataka GTA V, kadi iliyopendekezwa na watengenezaji kwa kompyuta ilikuwa GTX 660. Kila kadi tuliyoitaja, ukitoa GT 710, 730 na 1030, inaimudu. EA Sports FC 24 ilitaka angalau GTX 1050 Ti na ikapendekeza GTX 1660. Kwa mpira basi, kadi ya zamani inatosha, usijitese.

Ila kuna mlango umefungwa. Gemu la Indiana Jones and the Great Circle la Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages la Mei 2025 haviwaki kwa namna iliyokusudiwa bila chipu ya kufuatilia miale ya mwanga. Kiwango cha chini ni RTX 2060 Super au RX 6600. Hapo GTX 1080 Ti yenye nguvu zake zote inabaki nje, na RX 6600 ya kati inaingia. Kadiri miaka inavyokwenda, gemu kubwa za namna hii zitaongezeka.

Kuhusu DLSS: inachora picha ndogo kisha akili unde inaikuza, unapata fremu nyingi zaidi. Kadi zote za RTX zinaweza kukuza picha. Kutengeneza fremu za katikati kulianza na kizazi cha 40, na kutengeneza fremu kadhaa kwa mpigo ni kwa kizazi cha 50 tu. Ukiona tangazo la RTX 5060 linasema inaifanya 3060 mara tatu au nne, ujue wamehesabu na fremu hizo za kutengenezwa. Wenye GTX na AMD wana FSR, ambayo matoleo yake mengi yanafanya kazi hata kwenye kadi za zamani.

Kwa mhariri wa video, kadi yoyote kuanzia GTX 1060 inarekodi H.264 na HEVC kwa chipu yake. AV1 ilianza kurekodiwa na kizazi cha 40. Ila kama unapiga harusi na kamera za Sony kwenye mfumo wa rangi wa 4:2:2 biti 10, sikiliza vizuri: kadi za NVIDIA kabla ya kizazi cha 50 haziusomi mfumo huo kwa chipu. Unaweza kununua RTX 3060 nzuri kabisa na bado video ikagandaganda kwenye meza ya uhariri. RTX 5060 inausoma. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zenye grafiki ndani nazo zinasoma HEVC ya aina hiyo, kwa hiyo kuna wahariri ambao dawa yao ni kubadilisha mashine, siyo kadi.

Draiva: saa inahesabu

NVIDIA wametangaza kuwa kadi za GTX 750, GTX 900 na GTX 10 zilipata draiva yao ya mwisho ya gemu Oktoba 2025. Baada ya hapo ni marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Kadi haizimi. Gemu unazocheza leo zitaendelea. Lakini gemu jipya likitoka na hitilafu kwenye GTX 1060 yako, hakuna atakayelirekebisha kwa ajili yako. GTX 1650 na 1660, ambazo ni za kizazi kinachofuata, bado zimo kwenye orodha, na hilo pekee linatosha kuzipa thamani juu ya 1060 kama bei zinakaribiana.

Jambo lingine la wakati huu ni bei. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei duniani kwa sababu viwanda vinapeleka uzalishaji kwenye mitambo ya akili unde. Kadi ya grafiki ni chipu na kumbukumbu. Kusubiri bei ishuke yenyewe sio mpango wa kuutegemea kwa sasa.

Ukiwa mezani kwa muuzaji

Linganisha bei anayokutajia na bei ya uzinduzi. GTX 1060 ilikuwa dola 249 ikiwa mpya, mwaka 2016. Kwa hesabu ya Sh2,500 kwa dola hiyo ni kama Sh620,000. Mtu anayetaka nusu ya hela hiyo leo kwa kadi iliyochoka anakuuzia jina.

Omba ichomekwe kwenye mashine mbele yako. Fungua GPU-Z, soma jina, idadi ya viini, aina ya kumbukumbu na GB, ulinganishe na namba zilizoko hapa. Kisha washa FurMark kwa dakika 15. Angalia nyuzi joto, sikiliza feni, tazama kioo kama kinatoa vidoti au mistari ya rangi. Muuzaji akisema umeme hautoshi au mashine ya kupimia haipo, nenda duka la pili, Kariakoo haikosi maduka.

Laptopu zina kesi yake. RTX 3050 ya laptopu nyingi ina GB 4 na nguvu zake zinategemea wati alizoruhusu mtengenezaji, kwa hiyo namba za makala hii usizibebe kwenda kwenye laptopu.

Mkikubaliana, dai risiti ya EFD, na mwombe muuzaji aandike namba ya kadi, ile iliyobandikwa nyuma, pamoja na siku za kurudisha. Piga picha stika hiyo kwa simu kabla haijafungwa kwenye mfuko. Warranti ya mdomo ya wiki mbili huwa haimkumbuki mtu aliyetoka Bunju na daladala tatu.